Mita Katika Nyumba ya Harusi

Watumishi wa serikali waliopelekwa Garissa miaka ile walikuwa na sala moja: Ee Mungu, uhamisho. Waliiomba asubuhi wakipiga mswaki, wakaiomba adhuhuri shati likiwa limeganda mgongoni, na kila aliyeshuka basi la Nairobi aliulizwa kwanza kama amesikia majina mapya yakitajwa huko makao makuu, ndipo akaulizwa hali. Katunge alikuwa kichekesho kati yao. Yeye aliomba abaki.

Si kwamba alilipenda joto. Hakuna mtu aliyezaliwa kwenye vilima vya Mbooni, akalelewa kwenye ukungu, akalipenda joto la Garissa mwezi wa Machi; anayekwambia hivyo anatafuta kura yako. Sababu ya Katunge ilikuwa na miguu miwili na ilifundisha jiografia katika shule ya wasichana. Mutuku, mume wake wa ndoa, ndoa ya kanisani yenye cheti na picha. Tangu siku ile ya picha serikali iliwatawanya kama mtu arushaye mbegu bila kutazama zinakoangukia. Mutuku Garissa, Katunge Kitale. Mutuku alipoahidiwa Kitale, Katunge alipelekwa Voi. Alipotoka Voi akarudishwa Kitale, na ahadi ya Mutuku ilikuwa imeshasahauliwa. Walionana Agosti na Krismasi kama watoto wa bweni. Mwishowe Katunge akaomba Garissa kwa kinywa chake mwenyewe, na karani aliyempokea alimtazama kwa huruma, akamuuliza kama nyumbani kwao wako salama.

Akapewa karakana ya redio. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la pampu za maji, mabati juu, dirisha moja lililoelekea upande usiotoka upepo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio za mawasiliano, zile za kubonya kitufe ukasema, kisha ukaachia ukasikiliza. Zilikuwa kwenye visima vya serikali, kwenye zahanati, na kwa watu binafsi wenye leseni. Simu za waya zilikuwa chache, na hizo chache zilikuwa na tabia ya kufa mvua ikinyesha na kufa zaidi isiponyesha. Kwa hiyo ngamia akiuzwa Griftu, mtoto akizaliwa Masalani, habari ilikuja kwa redio. Wenyeji waliiita taar. Ukitaka kuzungumza na ndugu yako ulikwenda kwa mwenye taar, ukakaa mkekani, ukasubiri jina lako liitwe.

Mwenye taar wa mtaa wa Waberi alikuwa Kaaha, mjane mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye ndiye pia aliyewapangisha Katunge na Mutuku vyumba viwili uani kwake. Katunge alimwita eeddo, shangazi, kama walivyomwita vijana wote wa mtaa, naye Kaaha akamwita abaayo, dada yangu. Na ni Kaaha aliyemfahamisha, bila kukusudia, kwa nini redio za mkoa mzima zilikuwa hazitengenezeki.

Shida ilikuwa adabu. Fundi akitaka kujua kama redio aliyoitengeneza inatoa nguvu ya kutosha, humwita mtu wa mbali akamuuliza anamsikiaje. Na mtu wa mbali, awe Griftu, awe Mandera, alikuwa na jibu moja tu: safi. Redio inalia kama mahindi kwenye kikaango, jibu ni safi. Sauti inakuja vipande vipande, nusu ya maneno imebaki njiani, jibu ni safi kabisa, alhamdulillahi. Katunge alipomuuliza Kaaha sababu, Kaaha ndiye aliyeshangaa.

"Abaayo, mtu ametoka mbali kuja kwa taar, anataka kusikia mama yake. Mimi nimwambie mama yako hasikiki? Hiyo si adabu. Unasema safi. Halafu unauliza tena bole bole, mbaka ujue."

Basi Katunge alikuwa akitengeneza redio kwa kuongozwa na watu waungwana, na hakuna kinachoharibu kazi ya fundi kama uungwana. Ndipo alipoanza kujenga sanduku lake.

Aliokota redio ya kupokea iliyotupwa ghalani, akaitengenezea kisehemu kidogo cha kushusha mawimbi mpaka yawe kama sauti, akaiingiza sauti hiyo kwenye kompyuta ya ofisi kupitia kadi ya sauti aliyoinunua mwenyewe Nairobi. Kazi iliyobaki, ya kuchuja na kupima, hakuifanya kwa nyaya na vipuri. Aliifanya kwa programu aliyoiandika jioni baada ya jioni, Mutuku akisahihisha mitihani upande wa pili wa meza na kumtilia chai bila kuulizwa. Ukiwasha, kioo kilionyesha kilima chembamba pale penye mawimbi, na pembeni tarakimu: nguvu ya mawimbi hayo kwa desibeli, vipimo ambavyo mafundi wa redio huvitumia kama muuza nyama anavyotumia kilo. Tarakimu haikuwa na adabu hata kidogo. Redio mbovu iliambiwa ubovu wake, na ndani ya msimu mmoja visima ambavyo vilikuwa kimya vikaanza kusikika.

Lakini mizani, hata iwe nzuri namna gani, haijui kilo ni nini mpaka iwekewe jiwe la serikali. Katunge alijua kwamba mawimbi ya leo yana nguvu kuliko ya jana; hakujua yana nguvu kiasi gani hasa. Tarakimu ya kuanzia, ile ambayo programu nzima iliiegemea, aliibuni tu ili kazi iende. Kuisahihisha kulitaka vifaa vya maabara, na vifaa hivyo vilikuwa Nairobi, kwenye chumba chenye zulia na kiyoyozi.

Mwaka huo, tisini na sita, wakubwa wa Nairobi waliamua kwamba karakana ndogo za mikoani zifungwe, redio zote zipelekwe kwao. Mkuu wa Katunge, mzee mpole asiyependa kugombana hata na nzi, alijikaza akawaambia neno moja: njooni kwanza mpime sanduku la binti huyu. Wakakubali. Sanduku likiaminika mbele ya vifaa vya maabara, karakana inabaki na Katunge anabaki nayo. Lisipoaminika, kufuli mlangoni, na nafasi ya Kitale ilikuwa bado wazi ikimngoja.

Jioni alipompa Mutuku habari hiyo, Mutuku alichukua ufagio akafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa.

Aliyetumwa alikuwa mhandisi Siyad, na mtaa ulimfurahia kabla hajafika kwa sababu jina lilimtangulia: kijana wetu, Msomali, mhandisi. Walichokuwa hawajaambiwa ni kwamba kijana wao alizaliwa Eastleigh, na Garissa alikuwa ameiona kwenye ramani tu. Alishuka kwenye Land Rover amefunga tai. Kabla chai haijapoa tai ilikuwa mfukoni. Adhuhuri ilimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, anajipepea kwa kifuniko cha katoni, na Katunge, Mkamba wa vilimani, ndiye aliyekuwa akimletea maji.

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mvivu. Alileta mitambo miwili imefungwa kwenye sponji kama mayai. Mmoja ulitoa mawimbi ya nguvu inayojulikana, ambayo ungeyapandisha na kuyashusha kwa kuzungusha kitasa. Wa pili ulikuwa mita yenyewe ya maabara. Mawimbi yaligawanywa njia mbili, moja ikaenda kwenye mita, nyingine kwenye sanduku la Katunge, kisha wakawa wanalinganisha tarakimu.

Asubuhi walipoanza, tofauti ya mita na sanduku ilikuwa sita. Jua lilipopanda ikawa nane. Wakapumzika, wakarudi, wakakuta kumi na moja, kisha tisa, kisha kumi na moja tena. Siyad akaweka kalamu chini.

"Dada, tofauti yenyewe hainitishi," alisema. "Vifaa viwili havilingani hata siku moja. Ikiwa ni sita, iwe sita daima, nitakwambia ongeza sita, mambo kwisha. Lakini hii yako inatembea. Kitu kinachotembea hakipimi."

"Yangu au yako?" Katunge aliuliza, na akamwonyesha kibandiko kilichokuwa mgongoni mwa mita: usahihi mpaka nyuzi ishirini na nane. Kipimajoto cha ukutani kilikuwa thelathini na tisa.

Siyad alikitazama kibandiko kwa muda. "Haki. Mita imetoka nje ya joto lake. Lakini sanduku lako nalo linachemka. Mmojawapo anatembea, na mimi siwezi kusema ni nani. Nisipoweza kusema, siwezi kutia sahihi." Akajipangusa shingo. "Na kesho asubuhi naondoka na msafara wa magari yanayolindwa njiani. Polisi hawamngoji mtu."

Kilichotakiwa ni chumba baridi, na ukitaka kujua thamani ya ubaridi kautafute Garissa mwezi wa Machi. Meneja wa benki, mwenye kiyoyozi pekee walichokijua, alikataa kabla hawajamaliza kueleza. Kule kulikohifadhiwa dawa za chanjo, muuguzi aliuliza kama mita imekuja kuchanjwa, akafunga mlango. Siyad alirudi kukaa sakafuni. Katunge akaenda nyumbani, akipanga maneno atakayomwambia Mutuku na kuyapangua.

Uani kwa Kaaha kulikuwa na heka heka. Ijumaa binti yake Ilwad alikuwa anaolewa, na wanawake wa ukoo walikuwa wamemjengea aqal, ile nyumba ya mviringo ya fito zilizopindwa na mikeka, ambayo bibi harusi hujengewa na wanawake wenzake hata kama baba yake ana ghorofa. Mikeka ilikuwa imekauka kwa kiangazi mpaka ikawa inakatika kwenye mikunjo, kwa hiyo walikuwa wakiimwagia maji ndoo kwa ndoo, wakiikaza kwa kamba na kuimba. Kaaha alimwona Katunge akipita ukutani kama mwizi.

"Abaayo, mbona uso yako iko hivyo? Kuja uone nyumba kwanza. Huzuni itangoja."

Katunge akainama akaingia ili asiwe mkosa adabu. Akasimama katikati, akasahau kutoka. Upepo mdogo ulikuwa unapenya kwenye mikeka iliyolowa, na ndani mle hewa ilikuwa ya Mbooni. Alishika mkono wake mwenyewe. Ulikuwa mkavu, hauna jasho.

"Eeddo," alisema, "naomba nyumba hii mpaka alasiri."

Ikabidi aeleze yote: mita, joto, Kitale, Mutuku. Kaaha alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. Alipomaliza, Kaaha alijibu kwamba mita inaweza kuingia, kompyuta inaweza kuingia, Katunge anaweza kulala humo akitaka. Lakini mwanamume, habana. Mwanamume wa kwanza kuvuka mlango ule ni bwana harusi, na akitangulia mwingine, hata awe injinia wa Rais, yeye Kaaha atawaambia nini watu wa bwana harusi?

"Na mita je, hooyo?" Ilwad alimuuliza mama yake kutoka kwenye kivuli, mikono yote miwili imepakwa hina na haiwezi kushika kitu. "Isije ikawa dume." Wanawake wakacheka mpaka kamba zikalegea.

Siyad alikuja na mitambo yake. Kipimajoto kilichotangulizwa ndani kilitoka na nyuzi ishirini na sita, na mhandisi alipoiona tarakimu hiyo aliinamisha kichwa mlangoni kama mtu anayeingia kwake.

"Waryaa, wewe kijana," alisema Kaaha, na kichwa kikatoka.

Wakapanga hivi. Mita na mtambo wa mawimbi vikakaa ndani, juu ya kitanda cha bibi harusi, vinapata umeme kutoka chumba cha taar. Waya mmoja ukapita katikati ya mikeka mpaka nje, ambako sanduku la Katunge na kompyuta viliwekwa chini ya turubai, jotoni, palipokuwa makao yao ya siku zote. Siyad angekaa nje atazame kioo cha kompyuta. Mita ingesomwa na nani? Katunge hapana, kwa kuwa kesi ni yake. Basi Kaaha, aliyeshinda miaka akisoma namba za masafa ya redio, ndiye aliyefaa. Alionyeshwa kitasa cha kuzungusha hatua kwa hatua, akaonyeshwa mahali tarakimu inapotokea, akasema ni kazi ya mtoto.

Majirani walikuwa wameshajaa uani. Siyad alikohoa, akaanza kwa mtindo wake wa Nairobi, akisoma kwa sauti huku akiandika.

"Sanduku, sabini na tatu. Mita?"

"Sabini na tatu," ikajibu nyumba ya harusi.

Siyad aliinua nyusi. "Haya, shusha hatua moja. Sanduku, sitini na tatu. Mita?"

"Sitini na tatu. Safi."

"Hamsini na tatu?"

"Hamsini na tatu, safi kabisa."

Vigelegele vikapasuka. Siyad alikuwa anatabasamu, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Alimgeukia Katunge akamwambia kwamba hajawahi kuona kitu kama hiki, hata Nairobi, hata kwenye mitambo iliyonunuliwa mipya. Na Katunge alikuwa ameganda kwenye kigoda chake, kwa sababu alijua kwamba haiwezekani. Tarakimu ya kuanzia aliibuni mwenyewe, jioni moja, kwa kubahatisha. Mtu anaweza kubahatisha akakaribia. Hawezi kubahatisha akapatia mara tatu mfululizo, sawasawa, bila kupungua wala kuzidi hata moja. Alielewa kilichokuwa kikitokea ndani ya mikeka ile kama vile yumo.

Hapa nisimpambe. Alinyamaza. Alinyamaza huku kalamu ya Siyad ikitembea, na moyoni alikuwa anamwona Mutuku na ufagio wake. Angenyamaza kidogo tu zaidi, sahihi ingetiwa, msafara ungeondoka, na asingeulizwa na mtu yeyote maisha yake yote. Alitaka sana kunyamaza. Lakini kesho yake sanduku lingekaa karakanani na uongo tumboni, likiwaambia watu wa visima kwamba redio zao ni nzima wakati si nzima, na yeye angekuwa mtu mwingine tena wa kusema safi. Hilo lilimchukiza kuliko Kitale.

"Bwana Siyad, usiandike," alisema. "Mama hasomi mita. Anakusoma wewe."

Katunge akasogea kwenye mikeka. "Eeddo, hapo mbele yako pameandikwa ngapi? Hapo penyewe."

Kaaha akajibu kutoka ndani: "Hapa? Sitini."

"Na sisi tumesema hamsini na tatu."

"Nimesikia, abaayo. Lakini tangu asubuhi mnalia tofauti, tofauti, kijana amekataa kwa sababu ya tofauti. Nikasema, tofauti itoke wafi na mimi niko hapa?"

Siyad alifumba macho. Katunge alidhani amekasirika, na pengine alikasirika kweli kwa muda mfupi, maana alikunja karatasi yake na kuifanya donge. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akalazimika kushika nguzo ya turubai, na ilipoisha alijifuta macho kwa ile tai iliyokuwa mfukoni.

"Kosa ni langu," alisema. "Mpimaji gani anataja jibu kabla ya swali? Eeddo, tunaanza upya. Sasa utasoma wewe kwanza, na mimi nitafunga mdomo."

"Kwa hiyo mnataka ubaya."

"Tunataka ubaya wote, eeddo. Usituachie hata kidogo."

Kaaha alisikika akiguna, akizungusha kitasa mpaka juu. "Themanini," alisema kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba.

Kioo: sabini na tatu. Siyad aliandika bila kufungua kinywa.

"Sabini."

Sitini na tatu.

"Sitini." Hamsini na tatu. "Hamsini." Arobaini na tatu. Katunge alikuwa amekaa kwenye ncha ya kigoda. Alikuwa ameona. Siyad pia alikuwa ameona, lakini hakuinua kichwa, kwa sababu ile iliyobaki ndiyo iliyokuwa ngumu: mawimbi madogo kabisa, ambayo joto likilisumbua sanduku ndiyo yatakayoumbuka kwanza.

"Arobaini," Kaaha alisema. Thelathini na tatu. "Thelathini."

Kilima kwenye kioo kilikuwa kimekwisha kuwa kichuguu, kinachungulia kwenye majani, yale makelele ya hewani. Tarakimu ikacheza. Ishirini na nne. Ishirini na mbili. Katunge akashika magoti yake. Ishirini na tatu, ikatulia.

Siyad hakuridhika. Aliamuru turubai litolewe juu ya kompyuta na jua lipige sanduku lenyewe, wakangoja mpaka bati la sanduku likawa haligusiki kwa mkono, kisha akamwomba Kaaha arudie yote kuanzia juu. Kaaha alirudia, kila tarakimu kwa majonzi. Saba. Saba. Saba. Kutoka juu mpaka chini, kivulini na juani, mita ilikuwa juu na sanduku lilikuwa chini kwa saba ile ile.

"Iliyotembea asubuhi ilikuwa mita yangu," alisema Siyad.

Ndani ya aqal wanawake walikuwa wamehesabu tofauti hizo wenyewe na walikuwa wameinamisha vichwa kama kwenye matanga. "Bole, abaayo," sauti ya Kaaha ilikuja, imelegea. "Hata Kitale kuna watu. Mungu yuko."

Katunge aliinuka akicheka. Akaingia ndani akamkumbatia mama yule mkubwa pale penye mita, akamweleza.

"Eeddo, ukiwa na mizani dukani, na kila siku inapunguza robo, leo robo, kesho robo, mwaka mzima robo, utaitupa?"

"Mimi sina mizani ya namna hiyo."

"Ya jirani, basi."

"Ya jirani, ndiyo." Kaaha alifikiri. "Utaongeza robo tu."

"Basi na mimi naongeza saba."

Akatoka, akafungua programu yake, akatafuta mstari wenye ile tarakimu aliyoibuni, akafuta, akaandika nyingine. Haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Siyad akamwomba Kaaha asome tena popote apendapo.

"Sitini," alisema Kaaha.

Kioo kilisema sitini. Siyad akaisoma kwa sauti.

"Sasa ni nyinyi mnanidanganya," Kaaha alisema, akatoka mwenyewe mlangoni, akausukuma umati, akainama mbele ya kioo mpaka pua ikakaribia kugusa. Akaitazama sitini ile. Akarudi ndani akaitazama ile nyingine. Hapo ndipo alipopiga kigelegele chake, na cha Kaaha si cha kupokewa na masikio ya mgeni, Siyad aliruka. Wanawake wakapokea, ngoma iliyokuwa ikingojea Ijumaa ikapigwa siku hiyo hiyo, na bibi harusi akacheza mikono juu ili hina isiharibike. Siyad alitia sahihi yake juu ya bati la sanduku lenyewe kwa kalamu ya wino mzito, tarehe na yote, kisha akaambiwa haondoki mpaka ale, akala nyama ya ngamia na wali mpaka akawa hana nguvu ya kulalamikia joto.

Katunge hakungoja wali. Alivua viatu vya kazi, akavaa ndala, akavuka mtaa mbio, mtu mzima na digrii yake, mpaka shuleni. Mutuku alikuwa darasani, amesimama mbele ya ubao, anachora mto. Aliiona sura ya mkewe dirishani na chaki ikasimama. Alikuwa na uso wa mtu anayejiandaa kusema kwamba haidhuru.

"Tunabaki," Katunge alisema.

Wasichana walielewa kabla ya mwalimu wao, wakapiga makofi. Mutuku alijifuta chaki kwenye suruali yake nyeusi, mbele na nyuma, akaliambia darasa lisome ukurasa unaofuata, na hakusema ni ukurasa upi.

Hawakwenda nyumbani. Walikwenda moja kwa moja kwa seremala wa karibu na soko. Katika miaka yao yote ya ndoa hawakuwahi kununua kitanda. Walilala juu ya godoro lililotandikwa sakafuni, kwa kuwa mtu wa uhamisho hanunui kitu kisichokunjika. Seremala aliwajua kwa sura, mwalimu na fundi wa redio, watu wa serikali. Akachukua futi yake, akauliza upana, akauliza mbao gani. Kisha akaingiza mkono kwenye kopo la skrubu bila kuuliza, maana watumishi wote waliomjia walitaka vitanda vya kufungua na kupakia kwenye lori.

"Acha skrubu," Katunge alimwambia. "Kigongelee misumari."